Njia ya mwenye kujifunza baiskeli mlimani isigeuke kuwa mkondo wa maji

Msafiri anayeiacha barabara kuu ya kwenda Moshi pale Mombo, akaelekea Lushoto, hupanda barabara ya lami yenye urefu wa kilomita zipatazo 33. Hupita Soni, hukata kona baada ya kona, na afikapo mjini huwa amepanda karibu mita 1,000 na kufikia kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, gari lililojaa abiria na magunia huipanda safari hiyo bila kushindwa. Sababu yake si nguvu ya injini peke yake. Barabara ile haikuelekezwa mlimani kama mshale. Ilizungushwa ubavuni mwa mlima, ikafuata umbo lake, hata kila mita 100 za mwendo zikawa na mpando wa mita 3 tu kwa wastani.

Kando ya barabara hiyo hiyo ziko njia za mkato. Hizo hazina kona. Hushuka moja kwa moja kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, na mwenye haraka huzipenda kwa sababu humwokolea muda. Lakini mvua ya masika inaponyesha, maji nayo huzipenda kwa sababu hiyo hiyo. Njia iliyoanza kwa upana wa unyayo huchimbika, ikawa mfereji, na mfereji ukiachwa huwa korongo linalomeza kingo za mashamba ya pande zote mbili. Wahenga waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa na haki. Ila mlimani hata huo ukuta huwa hauna pa kusimama.

Jambo hili linastahili kufikiriwa sasa, kwa kuwa katika njia za Usambara kumeingia chombo ambacho hapo zamani hakikuwamo. Chombo hicho ni baiskeli ya milimani, yenye matairi mapana, gia nyingi na breki kali. Wageni huja Lushoto kuiendesha, na vijana wenyeji huwaongoza na kupata riziki yao humo. Watoto wa vijijini huwatazama, nao hutamani. Hakuna ubaya katika tamaa hiyo. Swali lililopo ni njia ipi itakayotumiwa na anayejifunza, nani ataichagua, na maji ya mvua yatapita wapi baada ya matairi kupita.

Yafaa kwanza ifahamike chombo hicho kilitoka wapi. Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, huko California nchini Marekani, walizoea kupandisha baiskeli kuukuu kwenye vilima vilivyo karibu na mlima Tamalpais. Zilikuwa baiskeli zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940, nzito, zenye matairi manene na breki ya kurudisha pedeli nyuma. Mwaka 1976 walianza mashindano ya kushuka katika njia moja ya udongo iliyoteremka karibu mita 400 katika mwendo wa kilomita 3 hivi. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba breki ya gurudumu la nyuma ilichemka, na grisi iliyokuwa ndani ikaungua na kutoka moshi. Ilibidi kitovu cha gurudumu kifunguliwe na kupakwa grisi mpya. Kwa ajili hiyo njia ile ikaitwa Repack, yaani ya kujaza upya.

Kutokana na michezo hiyo ya vijana kulizaliwa kiwanda. Joe Breeze alianza kuunda fremu maalumu kwa kazi hiyo mwaka 1977. Gary Fisher na Charlie Kelly walifungua biashara yao mwaka 1979, wakiuza baiskeli zenye fremu alizounda Tom Ritchey. Na kufika mwaka 1981 baiskeli za aina hiyo zilianza kutengenezwa kwa wingi viwandani. Mwaka 1996 mashindano ya baiskeli za milimani yaliingizwa katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Atlanta. Hayo yote yalitimia katika muda wa miaka 20.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili ambao wenye kuuza baiskeli hawapendi sana kuusimulia. Wale vijana wa Marin hawakumwuliza mtu. Walishuka kwa kasi katika njia zilizotumiwa na waendao kwa miguu na wapanda farasi, na haukupita muda mrefu kabla ya malalamiko kuanza. Katika miaka ya 1980 njia nyingi nyembamba za mlima ule zilifungwa kwa waendesha baiskeli. Kufungwa huko, huko California, ndiko kulikowafanya waendeshaji waunde chama chao mwaka 1988, wakaanza kujifunza mambo mawili waliyoyapuuza hapo mwanzo: kusemezana na watumiaji wengine wa njia, na kuchora njia isiyoharibu mlima.

Elimu waliyoipata hapo ni ya manufaa kwa kila mji wa milimani, nayo haihitaji mitambo. Katika nchi nyingi njia za baiskeli hupangwa kwa alama kama madarasa ya shule. Njia nyepesi huwekewa alama ya duara la kijani, ya kati mraba wa buluu, na ngumu almasi nyeusi. Njia ya duara la kijani hutakiwa iwe na upana usiopungua sentimita 90, na mpando wake wa wastani usizidi asilimia 5, maana yake kupanda au kushuka mita 5 katika kila mita 100 za mwendo. Mahali pafupi papo hapo paweza kuwa pakali zaidi, lakini si zaidi ya asilimia 15.

Hesabu ya jambo hilo yaweza kufanywa na mwanafunzi wa shule ya msingi. Kilima chenye kimo cha mita 100, kikishukwa kwa mteremko wa asilimia 5, huhitaji njia ya urefu wa kilomita 2. Kilima hicho hicho, ikiwa ubavu wake una mwinamo wa asilimia 50, chaweza kushukwa moja kwa moja kwa mita zipatazo 220 tu. Mwenye haraka ataichagua njia fupi. Lakini katika njia hiyo fupi anayejifunza atavunjika, na udongo utaondoka.

Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo lote. Wajenzi wa njia wana kanuni kwamba mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa ubavu wa mlima inakopita. Njia ikizidi hapo, maji yanayoshuka mlimani huona ni rahisi kuifuata kuliko kuivuka. Njia ikiwa chini ya kiasi hicho, maji huivuka na kuendelea na safari yake bondeni. Ili kuyasaidia, ukingo wa njia ulio upande wa bondeni huteremshwa kidogo, kiasi cha asilimia 5, na hapa na pale njia iliyokuwa ikishuka huinuliwa kidogo kabla ya kushuka tena, ili maji yaliyoanza kukusanyika yatoke. Mwendesha baiskeli huviona vijiinuko hivyo kuwa burudani. Mlima huviona kuwa kinga.

Kwa hiyo njia iliyo nyepesi kwa mwenye kujifunza ndiyo hiyo hiyo iliyo salama kwa udongo. Katika mambo ya maendeleo si mara nyingi mahitaji mawili ya namna hiyo hukubaliana. Yanapokubaliana, ni kosa kuyaacha yapite.

Wakulima wa Usambara hawana haja ya kufundishwa na mgeni kwamba maji huweza kula shamba. Wanalijua hilo, tena wamelilipia. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi huko Mlalo, na katika miaka ya 1950 ikaueneza milimani kwa amri. Kila mkulima alitakiwa achimbe matuta katika shamba lake, na asiyechimba alishitakiwa na kutozwa faini. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kuzuia mmomonyoko. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, nguvu nyingi iliangukia mabegani mwa kina mama, na wakulima hawakuulizwa maoni yao wala kuona mavuno yakiongezeka. Wakaukataa mpango ule. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1950 ulikuwa umevunjika, na chuki iliyotokana nao ikawa mojawapo ya mambo yaliyowavuta wakulima wa milima hiyo kuiunga mkono TANU.

Baada ya Uhuru udongo haukuacha kuondoka kwa sababu tu mkoloni ameondoka. Mwaka 1981 serikali za Tanzania na Ujerumani Magharibi zilianzisha Lushoto mradi wa kuzuia mmomonyoko na kuchanganya miti na mazao, uliojulikana kwa kifupi cha SECAP. Safari hiyo mistari ya kontua ilipandwa majani ya Guatemala na miti. Majani yalishika udongo, na papo hapo yakawa malisho ya ng'ombe waliofungwa zizini. Samadi ya ng'ombe ikarudi shambani. Mkulima aliona faida mkononi mwake. Mstari ule uliofuata ubavu wa mlima, ambao baba yake aliuchukia ulipoletwa na faini, yeye aliupokea ulipoleta maziwa.

Kuna funzo katika historia hiyo ambalo watumishi wa umma hawana budi kulishika wanapofikiri juu ya njia za baiskeli au juu ya jambo lolote lingine linalogusa ardhi ya vijiji. Kontua ni kweli ya milimani, nayo haibadiliki kwa siasa. Lakini kweli hiyo ikiletwa kwa amri hukataliwa, na ikiletwa kwa mashauriano na faida iliyo wazi hupokelewa. Atakayechora njia ya baiskeli kwenye karatasi ofisini, kisha akatuma watu kwenda kuipasua katikati ya mahindi na maharagwe, atakuwa amerudia kosa la mwaka 1946 akiwa amevaa nguo mpya.

Mahali pa kuanzia pako tayari. Kutoka Lushoto mjini iko njia ya udongo iendayo Irente, mwendo wa kilomita 5 au 6, ambao mtu wa miguu huumaliza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Hupita katikati ya makazi na mashamba, na mwisho wake ni kwenye genge maarufu ambapo mlima hukatika ghafla, na nyanda za Mazinde na nyika iliyo mbele yake huonekana chini kabisa kama mkeka uliotandikwa. Upana wake unatosha, na watu wapo kila hatua, hata mwenye kupatwa na shida hakosi wa kumsaidia. Kwa anayejifunza, hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko uzuri wa mandhari.

Katika njia ya namna hiyo mwanafunzi wa baiskeli hujifunza mambo ambayo barabara ya tambarare haimfundishi. Hujifunza kubadili gia kabla ya kufika kwenye mpando, si katikati yake, kwa maana mnyororo uliokazwa na uzito wa mwili hukwama au hukatika. Hujifunza kukaa kwenye kiti wakati wa kupanda ili gurudumu la nyuma lisiteleze, na kuinuka kidogo juu ya kiti wakati wa kushuka, pedeli zote mbili zikiwa sawa, magoti na viwiko vikiwa vimelegea. Hujifunza kutazama mbali, pale anapotaka kwenda, wala si kwenye jiwe analoliogopa, kwa kuwa baiskeli hufuata macho.

Zaidi ya yote hujifunza breki. Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mtu yeyote mwenye pumzi aweza kupanda. Kwenye mteremko ndiko anakojulikana aliyefundishwa. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha baiskeli, na ndiyo hiyo hiyo inayomrusha mtu juu ya usukani ikikamatwa kwa ghafla. Breki ya nyuma ikifungwa kabisa, tairi huburutwa, na tairi linaloburutwa huchora mtaro ambao mvua ya kesho itaupanua. Breki zinazobana rimu, zikishikwa mfululizo katika mteremko mrefu, huweza kuipasha moto rimu hata mpira ukapasuka. Mwenye kujua hushika breki zote mbili kwa vidole, kidogo kidogo, huachia, kisha hushika tena. Ujuzi huo haupatikani kwa kusimuliwa. Wapatikana kwa kurudia, mahali ambapo kosa dogo humpa mtu vumbi la magotini tu, si kifo.

Hapa lazima isemwe kweli nyingine. Baiskeli ambayo Mtanzania wa kawaida anaifahamu si ile ya mgeni. Ni baiskeli nzito ya aina ya Phoenix, yenye gia moja na breki za vyuma, iliyozoea kubeba makopo ya maziwa, magunia ya mkaa na matenga ya nyanya. Breki zake hushika vibaya rimu zinapolowa. Chombo hicho kimejenga taifa hili katika nyanda za Shinyanga, Tabora na Mwanza; lakini hakikuundwa kwa ajili ya miteremko ya Usambara, na kijana anayekishusha mlimani akiwa na mzigo, huku ameweka kisigino cha ndala kwenye tairi kuwa breki, anacheza na maisha yake. Njia nyepesi ya duara la kijani, yenye mteremko wa asilimia 5, yaweza kushukwa hata kwa baiskeli ya namna hiyo, ikiwa breki zake zimekaguliwa. Njia ngumu haiwezi. Basi katika kuchagua njia ipi itengenezwe kwanza, uchaguzi huo pia ni wa kumchagua nani atakayeitumia. Mji unaoanza na njia ngumu umemchagua mgeni mwenye baiskeli ya gharama. Mji unaoanza na njia nyepesi umemchagua mtoto wa mkulima, na mgeni naye hakukatazwa.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni anasa. Watauliza kwa nini ofisi ya wilaya ishughulike na baiskeli za michezo huku zahanati zina mahitaji, madarasa yana mahitaji, na barabara za vijijini hukatika kila masika. Swali hilo ni la haki, nalo halistahili kudharauliwa. Jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, njia inayosemwa hapa haidai lami wala saruji. Yadai jembe, sururu, kamba, ubao wa kupimia mwinamo na siku chache za kazi ya pamoja, tena katika njia ambazo tayari zipo na zinatumika. Pili, kazi hiyo ingefaa kufanywa hata kama pasingekuwako baiskeli hata moja duniani. Mama anayepeleka kabichi sokoni akiwa na tenga kichwani huteleza katika njia ile ile inayomwangusha mwenye baiskeli. Mtoto anayekwenda shule alfajiri ya masika huvuka korongo lile lile. Njia ikipimwa upya ili ifuate ubavu, maji yakatolewa kando, wa kwanza kufaidika ni watembeao kwa miguu, na hao ndio wengi.

Wengine watasema kwamba siku hizi hakuna haja ya baiskeli, kwa kuwa bodaboda zimefika kila kijiji. Ni kweli zimefika, na zimewafaa wengi, hasa wagonjwa na wenye mizigo. Lakini bodaboda yadai petroli kila siku, na bei yake haipangwi Lushoto. Zaidi ya hayo, kijana ambaye hakuwahi kujifunza breki na mteremko katika chombo cha kilo 20 chenye mwendo wa mtu anayekimbia, hujifunza mambo hayo kwa mara ya kwanza juu ya chombo chenye injini, na abiria nyuma yake. Lingekuwa jambo la busara aanze na kile kidogo.

Walimu wana sehemu yao. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule imetakiwa iwe sehemu ya jamii inayoizunguka, na mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Ni vigumu kupata kitabu cha mafunzo kilicho bora kuliko njia inayopita mlangoni mwa shule. Mwanafunzi wa jiografia aweza kupima mwinamo wake kwa kamba na ubao, akauchora kwenye ramani yenye mistari ya kontua. Mwanafunzi wa fizikia aweza kueleza kwa nini rimu hupata moto na kwa nini gia ndogo hurahisisha mpando. Mwanafunzi wa kilimo aweza kukusanya udongo uliobebwa na maji ya mvua moja katika njia iliyonyooka na katika njia iliyozungushwa, akaupima, na kuona kwa macho yake tofauti ambayo babu yake aliambiwa kwa faini.

Mwalimu pia ndiye awezaye kuhakikisha kwamba wasichana hawaachwi nyuma. Katika sehemu nyingi mvulana huachiwa baiskeli ya baba akajifunza kwa kuanguka, na msichana huambiwa kwamba si kazi yake. Matokeo yake ni kwamba mwanamke, ambaye ndiye mwenye safari nyingi za maji, kuni, soko na zahanati, ndiye asiyejua kutumia chombo ambacho kingempunguzia safari hizo. Njia nyepesi iliyo karibu na shule, yenye zamu zilizopangwa na mwalimu anayesimamia, huondoa kisingizio hicho.

Basi yafaa hatua zichukuliwe kwa utaratibu. Serikali za Vijiji ndizo zenye dhamana ya ardhi ya vijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kauli. Jambo hili lianzie hapo, si kwa mwenye hoteli wala kwa mwenye baiskeli za kukodisha. Wenye mashamba yanayopakana na njia waitwe kwa majina, waisikie hoja, na watembezwe njiani kabla ya jembe kuinuliwa. Maafisa ugani, wanaojua kupima kontua kwa ajili ya matuta, wapime kontua hiyo hiyo kwa ajili ya njia. Njia moja itengenezwe kwanza, ipitiwe na masika moja nzima, na ikaguliwe mvua zikikatika. Ikiwa maji yameivuka bila kuifuata, itengenezwe ya pili.

Kanuni za matumizi ziwekwe katika sheria ndogo za kijiji, nazo ziwe chache na zieleweke. Mwenye mzigo kichwani apishwe kwanza. Mwendesha baiskeli ndiye ashuke asimame. Anayeshuka ampishe anayepanda. Kengele ipigwe kabla ya kona. Njia ifungwe siku ambazo udongo umelowa kiasi cha kushika alama ya tairi, maana tairi moja siku hiyo hufanya uharibifu wa matairi mia wakati wa kiangazi. Mtu asipasue njia mpya katika msitu wa hifadhi wa Magamba bila idhini ya wenye dhamana ya msitu, kwa kuwa chemchemi zinazonywesha mabonde ya Lushoto zategemea msitu huo.

Fedha itakayotolewa na wageni kwa kuitumia njia ipokelewe kwa stakabadhi na isomwe mbele ya mkutano wa kijiji pamoja na mapato mengine. Sehemu yake ya kwanza irudi kwenye njia yenyewe, kuzibua matoleo ya maji na kupanda majani kwenye kingo. Sehemu nyingine yaweza kununua baiskeli chache za shule na vifaa vya fundi baiskeli wa kijijini, ili breki zikaguliwe kabla ya mteremko na si baada ya ajali. Umoja wa Vijana, ambao mara nyingi hulalamika kwamba vijana hawana pa kushika, una hapo kazi iliyo tayari: kutoa mikono ya kujenga, na kutoa vijana wa kufundisha wenzao.

Hakuna jambo katika hayo lililo kubwa mno kwa wilaya yenye watu waliokwisha kutandaza mistari ya majani ya Guatemala kwenye vilima vizima. Kinachotakiwa ni kwamba viongozi waliangalie mapema, wakati njia bado ni ufa na haijawa korongo, na waliangalie wakiwa na mkulima pembeni yao. Wasipofanya hivyo, njia zitachaguliwa na wenye haraka. Na mlimani mwenye haraka kuliko wote si kijana wala mgeni. Ni maji ya mvua, ambayo yakishapewa njia iliyonyooka hayairudishi, na udongo yanaouchukua bondeni hakuna halmashauri iwezayo kuupandisha tena.